Riwaya ya Kijapani na Chumba cha Babu

Mtu anauawaje ndani ya chumba alichokifunga mwenyewe? Swali hilo lilikuwa limeandikwa nyuma ya riwaya ya Kijapani niliyokuwa nikiisoma likizo ile ya chuo, nyumbani Rhotia. Kaka yangu, anayefanya kazi kwenye loji, aliniletea baada ya mgeni kuisahau. Sikuwa nimefika katikati pale babu alipokutwa amekufa nyuma ya mlango alioukomea mwenyewe.

Nyumba ya kitabuni ilijengwa na daktari aliyeogopa watu. Madirisha yote yalitazama ndani, na ngazi moja ilipanda ikaishia ukutani. Sikuiona ngeni sana. Nyumba ya babu nusu yake imechimbwa ubavuni mwa kilima, kama Wairaqw wa zamani walivyojenga kuwakwepa wanyang'anyi wa ng'ombe. Majani yanaota juu ya paa. Chumba cha ndani kina kitundu kimoja tu cha hewa, na baridi ya mwezi wa saba ikishuka kutoka Ngorongoro, babu alikiziba kwa gunia.

Asubuhi ile hakuitika. Baba mdogo alivunja mlango kwa shoka. Wanawake wakamfunika babu, wakatoa vitu, wakatandika mikeka.

Baada ya mazishi, baba mdogo aliuliza mbele ya watu wote, "Maziwa ya mwisho alimpa nani?"

"Mimi," alijibu shangazi, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mumewe na kumtunza babu tangu hapo. "Kila siku nampa mimi. Ulitaka nimpe nani, wewe tunayekuona Pasaka kwa Pasaka?"

Watu walicheka chini chini. Baba mdogo hakucheka. Alisema mwenye mkono wa namna hiyo hawezi kubaki kwenye boma.

Nikaona zamu yangu imefika. Nilikuwa nimejaribu kulivuta komeo la mlango mwingine wa nyumba ile, lililo sawa na lile, kwa uzi kupitia ufa, kama kitabuni, na halikusogea hata kidogo.

"Baba mdogo, komeo lilikuwa ndani. Wewe mwenyewe umelivunja. Hakuna aliyeingia humo."

Alinitazama kwa upole, na upole huo ulinitia hofu kuliko ukali.

"Mmemsikia msomi wetu? Hakuna aliyeingia. Sasa niambieni, anayeua bila kuingia tunamwitaje?"

Jirani mmoja aliinuka, akamchukua mtoto wake aliyekuwa amelala mapajani mwa shangazi. Mwingine akasogeza kigoda chake. Kitabuni, komeo lilikuwa limewasafisha wote waliokuwa nje ya chumba. Kwetu lilikuwa limekwisha kutoa hukumu, na shangazi alijua kabla yangu, kwa sababu alianza kujifunga kanga.

Aliondoka na lori la vitunguu kwenda Mang'ola. Riwaya niliimaliza, kila kitu kilielezwa kwenye sura ya mwisho, na nilikasirika.

Miaka ilipita kabla sijamfuata. Tulikuwa tukichambua vitunguu, akisimulia baridi ya kwetu bila uchungu, aliponiambia kwamba jioni ile babu alitetemeka sana, naye akamwingizia jiko la mkaa. Mlango ulipovunjwa alilitoa yeye kwanza, lingali na moto, akainjika chai ya waombolezaji.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kisicho na hewa humuua aliyelala, bila harufu wala kelele.