Filamu ya Kijerumani, Mwisho wa Kiandutu

Jumapili alasiri, katika banda la video mtaani Kiandutu, msimulizi alitutafsiria filamu ya Kijerumani kuhusu kijana mzururaji anayelala kwenye vituo vya treni. Jirani yangu, mama ambaye mwanawe aliondoka nyumbani bila kuaga, akauliza kwa sauti, "Ai, huyo atarudi kwao lini?"

"Tulia, mathe, bado anatafuta gari," msimulizi akamjibu.

Mwishoni kijana alishika barabara peke yake. Msimulizi akamtazama mama, akasogeza maikrofoni. "Sasa anaenda kwao. Mamake ameshabandika chai."

Mama akaachia pindo la leso alilokuwa amelisokota. "Haya. Hiyo ni sawa."

Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalisema hatarudi kamwe. Mimi hupenda mambo yasimuliwe yalivyo, lakini siku hiyo nilijifanya sijui kusoma.