Injini Iliyohukumiwa Mkekani

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo damu hunichemka. Nilikuwa kijana, nimerudi Garissa kutoka Mombasa na diploma ya umekanika niliyoipata kwa jasho langu, mchana nikifunga nati, jioni darasani. Hakuna ndugu aliyenisaidia. Nalisema hilo kwa kujivuna, na nitalirudia ukiniuliza.

Shangazi yangu, Edo Halima, alikuwa mjane mwenye pikapu kuukuu ya petroli. Kila alfajiri aliendesha mwenyewe hadi kwenye kambi za wafugaji, akaleta maziwa ya ngamia sokoni. Watoto wake walikula kwa gari lile. Ikaja harusi ya ukoo, wanaume wakalichukua libebe bibi harusi. Wakaliosha. Hawakutosheka na bodi. Walifungua boneti wakaipiga injini kwa mpira wa maji ya nguvu hadi ikang'aa kama sufuria mpya.

Lilipowashwa likakohoa, likatetemeka, likalipua milio kwenye ekzosi hadi mbuzi wa jirani wakatawanyika.

Nilipofika nyumbani kwake, mtaa wa Iftin, wazee wameshaketi mkekani, chai mkononi, na hukumu imetoka: injini imekufa, gari liuzwe kama chuma chakavu. Mnunuzi alikuwa njiani. Kwetu mkeka huamua ndoa, huamua kisima, huamua ngamia aliyeibwa. Lakini injini, mwanangu! Hakuna hata mmoja aliyeinuka akaenda kuitazama.

"Adeer, nani amelikagua?" nikamuuliza Bishar, kaka mkubwa wa baba yangu.

"Kwani sisi hatuna masikio? Hiyo diploma yako kafunikie birika."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikamwendea Edo, amesimama mlangoni. "Sauti hii ilianza lini?"

"Baada ya kuoshwa!" akasema, macho yamemwiva. "Jana nimerudi nalo safi kabisa. Lakini nani ameniuliza?"

Hilo ndilo lililonichoma. Yeye aliyelijua gari lile kwa kila mlio, wamemwacha mlangoni kama mgeni.

Nikafungua boneti. Kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi, kilikuwa na maji ndani. Mashimo ya plagi nayo yamejaa. Nikang'oa waya, nikafuta, nikapuliza, jua la Garissa likamalizia. Nikamwambia Edo awashe. Injini ikanguruma sawasawa, bila kikohozi.

"Bahati tu," akasema Adeer Bishar, akimimina chai nyingine.

Nilitaka kumjibu vibaya, wallahi. Edo akaniwahi. Hakuzima gari. Aliligeuza pale pale uani, vumbi likaingia vikombeni mwao, akashika njia ya kambini. Bibi harusi alibebwa na gari la mtu mwingine.

Mwanangu, gari kuukuu likianza kulia, usikimbilie kulizika. Uliza limefanywa nini kabla ya mlio kuanza. Muulize anayeliendesha, hata akiwa mwanamke na wewe una ndevu hadi kifuani. Ukiosha injini, funika distributa kwa nailoni, na mpira wa maji ukae mbali. Na usikubali watu walioketi wakuuzie riziki yako kwa sababu wanaona uvivu kuinuka.

Mola akujaalie masikio kabla hajakupa nafasi mkekani. Na siku utakapoipata nafasi hiyo, akupe miguu ya kuinuka. Amin.