Osuga ya Kivulini

Nilipanda osuga, ile mboga chungu ya mnavu, kivulini kwa sababu kivulini ndiko kiti changu kilikokuwa. Sina utetezi mwingine. Nilikuwa fundi wa redio, kazi naifanyia uani kwetu Kaloleni, Kisumu, chini ya ukuta ambao jua halikuufikia. Na mimi huyu, niliyefika kidato cha nne na kufundishwa kwamba jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, niliona ni heri jani linifuate kuliko mimi kulifuata.

Miaka ya themanini ilikuwa inakwisha, na mke wangu ana mimba yetu ya kwanza. Kliniki walimvuta ngozi ya chini ya jicho, wakaona ndani kweupe. Damu haitoshi. Muuguzi akampa vidonge, akasema ale na mboga chungu za kienyeji kila siku, maana akifika kujifungua akiwa hivyo, hatastahimili kupoteza hata damu kidogo. Nikaapa: mboga hiyo nitailima mwenyewe.

Sikuwa bahili. Nilirundika mavi mabichi ya kuku, nikamwagilia asubuhi na jioni. Osuga ikatoa majani mapana, laini, yaliyopauka kidogo. Jirani yetu, mama aliyekuwa akianika nguo uani, alicheka.

"Yawa, Baba! Hii ni mboga ama masikio ya ndovu?"

Nikajua ni wivu.

Kwa kawaida osuga huchemshwa, maji yakamwagwa, ikalazwa na maziwa mpaka uchungu upungue. Yangu haikuhitaji hayo yote. Mke wangu alionja, akanitazama.

"Haina uchungu."

"Nimeilea vizuri."

"Haina uchungu, mzee. Haina kitu."

Tukarudi kliniki. Ndani ya jicho palikuwa peupe vile vile.

Siku hiyo sikugusa redio. Mbele ya nyumba, penye jua kali, ulikuwepo mche wa osuga uliojiotea wenyewe, mfupi, majani madogo na mazito. Nilichuma konzi moja pale, nikachuma na ya kwangu ya kivulini. Nikaning'iniza vikombe viwili kwenye kijiti kama mizani, nikatia kila fungu kikombe chake hadi uzito ukawa sawa, kisha nikayaanika majani juu ya mabati, kila fungu upande wake. Yalipokauka, yale ya juani yalibaki na kitu cha kushika. Yangu yalikuwa kama karatasi ya sigara. Upepo wa ziwa uliyachukua nikiyatazama. Kumbe uzito wote ule ulikuwa maji.

Basi nikahamia mbele. Udongo wa kule ni mweusi, ukikauka unapasuka kama kisigino. Niliuvunja kwa jembe la kuazima. Mikono iliyozoea nyaya ikatoka malengelenge, nikaifunga vitambaa nikaendelea. Safari hii nilitia samadi kuukuu ya ng'ombe na jivu, na maji nikayatia pale tu majani yalipoanza kulegea. Wakati osuga hiyo inaota, nilikwenda mwenyewe hadi soko la Mamboleo kununua mboga iliyolimwa mahali wazi. Mimi, ambaye hata sokoni hapa karibu nilikuwa natuma mtu.

"Baba ametoka nje!" jirani akatangazia nyumba zote. "Redio zimekwisha Kisumu?"

Nilikuwa nalima.

Osuga ilipokomaa, niliichuma sufuria ikiwa tayari jikoni. Mke wangu alionja, akakunja uso mpaka macho yakapotea. Akaongeza maziwa. Akakunja uso tena, akala yote, na kesho yake, na kesho kutwa, vidonge juu yake.

Kliniki wakamvuta jicho tena. Ndani palikuwa pekundu. Muuguzi akasema sasa anaweza kwenda kujifungua bila kututisha.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mganga mkuu. Jirani alikuwa kwenye kamba yake ya nguo, nikamwambia kabla hajauliza: damu imepanda, na ni osuga yangu iliyoipandisha. Hakuacha hata kukamua shuka.

"Baba, ni vidonge na jua. Wewe ulibeba ndoo tu."