Mkuu wa Luciana

Mkuu wa maabara ya maji ya halmashauri hakuwa na umbo la kumtia mwanamume wivu. Flavian, aliyekuja na baiskeli kumchukua mkewe Luciana, muosha chupa wa pale, alimchungulia dirishani akitafuta sababu. Mabega membamba, sweta iliyochakaa viwikoni, sauti ya chini kama ya mtu aliyemo kanisani. Alipofungua chupa ya maji, kifuniko hakukiweka mezani. Alikibana kwa kidole kidogo, kimeinamia chini, vumbi lisiingie. Siku hizi Luciana naye alishika hivyo hivyo kifuniko cha chupa ya chai nyumbani. Kila walichopima vijana wake, mkuu alikipima upya. "Nawaamini, lakini ngojeni nami nione."

Kisha akavua miwani, akasogeza kisahani kwenye mwanga. "Mama Angela, njoo uniazime macho. Kuna kidoa cha vijidudu hapa?"

Luciana akainama. "Kimoja, mkuu. Pale ukingoni."

Mkuu akaandika. Hakurudia kuangalia.

 Tangu wafunge ndoa, Flavian hakuwahi kumuuliza Luciana jambo akaliacha jibu lake kama lilivyo.

"Shemeji, karibu ndani!" mkuu akaita. Flavian akajifanya anakagua tairi.

Njiani kurudi nyumbani Mazwi alijikaza akauliza, "Hivi hayo maji mnayapimaje?" Luciana, nyuma yake kwenye baiskeli, alishangaa, kisha akaeleza kwa furaha mpaka mlangoni, na kila sentensi ilianza na "Mkuu anasema."