Maziwa Yasimwagike Motoni

Kutoka Tunduru hadi Karatu nilipanda malori mengi kuliko ninavyokumbuka. Songea, Makambako, Dodoma, Kondoa, Babati. Kila mji nilifanya kibarua, kisha miguu ikaniwasha tena. Karatu niliwapikia vibarua wa mashamba ya ngano. Asubuhi ya mwisho ya amani nilikuwa nachagua mawe kwenye maharage, ukungu ukishuka kutoka msitu wa kreta, nami naimba nyimbo za kwetu.

Mchana huo mgambo walipakiwa kwenda Kakesio. Wezi wa ng'ombe walikuwa wakivamia maboma ya wafugaji kule kwa bunduki zilizozagaa baada ya vita vya Kagera. Mimi nilichukuliwa kama mpishi.

Kuni zilikatazwa, maana moshi ulivuta risasi. Nilipikia jiko la mafuta ya taa, lile la kupampu, ambalo moto wake huchoma mahali pamoja tu kama msumari.

"Mswahili, ugali wako chini mkaa, juu unga mbichi," alinitania Amsi, mgambo, mkulima wa Endamarariek, aliyelala kando yangu. "Kwetu hupati mke kwa mapishi haya, hata ulete zizi zima."

Wiki ile ile tulivamiwa.

Risasi ilimpasua Amsi taya. Meno yake niliyaona kwenye nyasi.

Mvua ilikuwa imekata njia ya kwenda hospitali ya Endulen. Kutafuna hakuweza, na maziwa baridi aliyatapika. Angeishi kwa maziwa ya vuguvugu au afe. Nashipai, mfugaji wa boma la jirani, mjane mwenye binti mmoja, alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja wa kukamua. Alitupa maziwa kwa sharti moja: yasimwagike motoni, kwani kwao yakimwagika, ng'ombe aliyeyatoa hukauka chuchu.

Mara ya kwanza yalifura. Nashipai aliitoa sufuria kwa mikono mitupu.

"Ukimkausha huyu, mwenzako atanyonya wapi?"

"Nisamehe, yeyo," nikamwita mama kwa lugha yao. "Jiko hili lina wazimu."

"Basi lifunge kamba."

Nilikata bati la debe nikaliweka juu ya moto, likatoboka. Ndipo nikakumbuka shule ya kijiji iliyochomwa na wezi. Kengele yake, diski ya plau, ilikuwa bado inaning'inia mtini.

"Hiyo mali ya serikali," kamanda akasema.

"Wanafunzi wako wapi, afande?"

Akageuka, akaenda zake.

Niliziba tundu la katikati kwa bolti, nikaiweka diski juu ya jiko, nikaijaza mchanga, sufuria juu ya mchanga. Moto ukasambaa taratibu. Maziwa yakapata joto bila kufura. Amsi alimeza kijiko kwa kijiko, na kila siku Nashipai alisimama pale mpaka nizime jiko.

Asubuhi moja hakusubiri. Ndama alikuwa analia, naye akarudi zizini kumtazama.

Mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka huko huko.

Tulilala chini. Mgambo aliyekuwa mlangoni pa kibanda chetu alianguka akishika tumbo. Kamanda alifyatua mpaka risasi zikamwishia.

Ng'ombe wakapita mbio, wakiswagwa, wakikanyaga wafu.

Nashipai nilimkuta kifudifudi, kichwa kimepasuliwa kwa panga. Mkononi alikuwa ameshika kipande cha kamba ya ng'ombe wake.

Jiko lilikuwa bado linavuma. Maziwa hayakumwagika.

Amsi alikuwa amesikia yote. Akageuzia uso ukutani.

"Haya ndiyo maziwa ya mwisho," nikamwambia. "Aliyakamua mwenyewe."

Akafungua mdomo.

Gari lilipopenya matopeni lilimchukua akiwa hai. Alipona, taya limepinda. Nimehama miji mingi tangu hapo, na sijapata mizani ya kupima uhai wake na ule wa yule mama.

Siku niliyoondoka Kakesio moja kwa moja, niliirudisha diski mtini. Ilikuwa nyeusi tii. Nikaipiga kwa jiwe mara moja, nijue kama bado inalia.

Ililia. Kutoka kwenye maboma yaliyosalia wakaja watoto mbio, binti wa Nashipai mbele, wakapanga mstari mbele ya majivu ya shule.

Niliwaambia mwalimu hajaja. Hawakuondoka. Lori lilipiga honi, nikapanda, na mpaka tulipokata kona walikuwa bado wamesimama mstarini.