Jenereta Lililogoma Kasanga

Nina boti ziwani na ninakaa Malangali ya Sumbawanga, kwenye baridi. Watu huniuliza bibi mzima anafanya nini na boti. Nawajibu: anaimiliki. Shule niliishia darasa la tatu, na kalamu mpaka leo naishika kama mwiko, ila dagaa aliyelala na unyevu namjua kwa kunusa tu. Boti hiyo niliinunua mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kupandisha dagaa kutoka Kasanga, kule ziwani, kuja kuuza sokoni Sumbawanga. Haikuwa ya marehemu mume wangu. Yeye maji aliyaogopa hata ya kuoga.

Dagaa wetu huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Giza likianza wanatoka, na taa zinawashwa na jenereta linalokaa humo humo ndani ya boti. Bila jenereta, boti ni ubao wa kukalia kunguru.

Mwaka jana, mwezi ukiwa ndio kwanza unakua, jenereta likafa. Nahodha wangu akanipigia simu.

"Shikamoo Mama. Limezima kabisa. Na mwenye boti ya jirani ameshatuita. Giza likianza hatuna taa, vijana wanahamia kwake. Nitawazuia kwa lipi?"

Sikumlaumu, wana watoto wanaokula. Lakini boti ikikimbiwa na watu wake, wengine hawaji. Wanasema ina mkosi, na mkosi hauna fundi.

Jenereta likapandishwa kwa lori la samaki mpaka uani kwangu. Sasa nani aliguse? Fundi wa mwisho alinitolea kifaa kizima akaniwekea kichakavu, halafu simu yake ikawa haipatikani mpaka leo. Nikajiambia, safari hii sitafuti fundi anayejua. Wanaojua wamejaa mjini. Natafuta fundi ambaye kazi ikiharibika nitamkuta.

Nikajifunga kitenge juu ya sweta, nikamchukua mjukuu wangu wa kike tukaingia mjini. Kila fundi nilimuuliza swali moja tu: umewahi kuharibu nini?

Wa kwanza akacheka. "Mimi, Bibi? Sijawahi. Mikono hii ni ya dhahabu."

"Basi kawe sonara," nikamwambia, tukaondoka.

Wa pili akakasirika. "Bibi, umeleta jenereta au umeleta kesi?"

Mjukuu wangu alikuwa hoi kwa kicheko. Kwa utani wetu yeye na mimi ni wake wenza. "Mke mwenzangu, unatafuta fundi au mchumba? Kwa maswali haya hata Babu asingepita."

"Babu yako alipita kwa sababu sikumuuliza."

Mwenye duka la vipuri, mzee wa Kiislamu ambaye watoto wake wanaendesha malori, alitusikia tukibishana mbele ya duka lake. Akasema, "Mama, nenda kwa yule mtu wa Mbeya anayetengeneza mashine za kusaga. Huyo hajawahi kuniomba nimwekee kifaa kichakavu kwenye boksi jipya."

Tulimkuta kalala chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaiuliza miguu: umewahi kuharibu nini?

Akatoka, akajikuna kichwa, akacheka. "Nianzie wapi, Bibi? Kuna mashine ya kusaga kule Msanzi, niliifunga vibaya ikarusha unga nyumba nzima. Mwenye mashine alitoka mweupe, nyusi mpaka viatu."

"Ukakimbia?"

"Nikimbilie wapi? Nilikaa pale mpaka ikasaga. Walinitukana kila asubuhi, na uji wakanipa."

"Njoo nyumbani," nikamwambia.

Alifanyia kazi pale uani, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda namwangalia mikono. Akakuta waya wa plagi umeoza kwa unyevu, akaweka mwingine. Lilipowaka lilitoa moshi mweusi, na moshi huo haukumpendeza. Akasema linakunywa petroli kupita kiasi. Akafungua kabureta, akatoa kile kifaa chenye kitundu cha kupitishia petroli, akaweka chenye kitundu chembamba zaidi. Moshi ukakata. Likanguruma vizuri, majirani wakaja kuangalia, nami nikapita katikati yao kama mama wa bibi harusi.

Nikashuka nalo Kasanga mwenyewe, mwezi umebaki ukucha. Mchana kweupe tukaliweka ndani ya boti, nahodha akawasha taa zote kulijaribu. Likakohoa. Likapanda, likashuka, likazima. Tukarudia, likazima tena.

Mvuvi mmoja akasema, "Mama, wamekuuzia la kuchezea watoto." Wenzake wakacheka, lakini macho yao yalikuwa kwenye boti ya jirani.

Nikampigia fundi simu. Ninajua sauti ya yule dada anayesema mteja hapatikani, na nilikuwa nimeshakunja uso kumsubiri.

"Shikamoo Bibi."

"Limezima."

"Asiliguse mtu. Nakuja."

Nahodha akatikisa kichwa. "Mafundi wote husema wanakuja, Mama."

"Huyu nimemchagua mimi," nikasema. "Kesho jioni akiwa hajafika, nendeni kwa jirani. Sitamshika mtu shati."

Nilisema kwa sauti kubwa, maana moyo ulikuwa unanidunda na sikutaka wausikie.

Kesho yake jua halijawa kali, lori la kwenda kubeba dagaa likasimama, akashuka fundi na sweta lake la Sumbawanga, jasho linamtiririka. Hakuuliza nani kaligusa. Aliliwasha, akainamisha sikio, akalisikiliza likikohoa. Halafu akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Jamani! Nimelitengenezea kule juu!"

Akatueleza, wavuvi wote wamemzunguka. Kule kwetu milimani hewa ni nyepesi, na jenereta lilikuwa limepimiwa petroli kwa hewa ya ziwani, ndiyo maana likatoa moshi. Ule moshi haukuwa ugonjwa. Yeye akautibu, akalipunguzia petroli, na huku chini kwenye hewa nzito likashindwa kwa njaa. "Kosa ni langu," akasema. "Si la Bibi, wala si la jenereta."

"Kumbe fundi wa milimani!" yule mvuvi akamtania.

"Wa milimani, ndiyo. Nishikie hiki."

Akarudisha kile kifaa cha kwanza. Taa zikawaka zote juani, hakuna iliyopepesa. Tukamwita ale, akakataa. Alikaa ndani ya boti na jenereta linanguruma mpaka petroli ya tangi ikaisha, ndipo akanawa mikono.

Nahodha hana kawaida ya kusifu. Aliwageukia vijana: "Pakieni nyavu."

Wakasukuma boti jua likiwa bado lipo, wote, hakuna aliyebaki. Walipita mbele ya jirani, nahodha akampungia mkono kwa heshima zote. Jirani akaja pale nilipokaa, akasimama, akasalimia, akazunguka maneno, mwisho akauliza fundi nimemtoa wapi.

"Sumbawanga, kwetu," nikamwambia, nikamwongezea fundi wangu ugali na samaki mwingine.