Kamba ya Mkononi mwa Nafula

Sisi tuliosoma kabla redio haijafika Bumula tunajua kambi ya shule ilivyokuwa. Ulibeba blanketi, sahani ya bati na jembe, mkapanda lori pale Bungoma, mkapita Kitale mkiimba hadi sauti zikakauka. Jioni mlishushwa Endebess, chini ya Mlima Elgon, kwenye baridi ambayo hakuna aliyekuwa amewaonya juu yake.

Tulikuwa wasichana watupu. Tulilala kwenye mahema, juu ya nyasi tulizokata wenyewe, na mpaka leo nikipita penye nyasi mbichi zilizofyekwa, moyo hurudi kule. Asubuhi tulioga mtoni kwa mayowe. Mchana tulishona, tukapanda kabichi, tukajifunza kutengeneza siagi, na kupika tulipika kwa zamu kwenye mafiga, macho yakitoka machozi kwa moshi.

Rafiki yangu Nafula, mtoto wa kule Chwele, alikuja amefungwa kamba ya katani juu ya kiwiko. Wajukuu wangu hawalielewi jambo hili, basi nilieleze polepole. Kwetu mama humfunga mtoto mchanga uzi kiunoni. Ukimbana, anakua, ukilegea, kuna shida. Baba yake Nafula hakuamini kwamba walimu wanaweza kulisha mtoto wa mtu. Siku ya safari alimfunga kamba ile pale pale kando ya lori, akasema sote tukisikia: "Ikiteremka ifike kiwiko, shule imekwisha. Utakaa nyumbani uchunge ng'ombe."

Hakuwa anatania. Kwao hakuna msichana mwingine aliyekuwa amewahi kushika kitabu.

Siku za kwanza Nafula hakula. Alikumbuka nyumbani, akawa anatazama uji mpaka unaganda. Kamba ikaanza kucheza mkononi. Tuliogopa, tukaamua kila mmoja wetu ammegee tonge lake.

"Kula bana," Nekesa, aliyekuwa mkubwa wetu, alimwambia. "Ama unataka kuhitimu kwa ng'ombe?"

"Nimeshiba, dada."

"Tumbo ndilo limeshiba. Mkono bado."

Nafula akacheka, na kicheko kile kikafungua njia. Alikula ugali wa wimbi, akala maharagwe, akala viazi vitamu tulivyopaka siagi yetu wenyewe. Ikifika zamu yake ya kupika, ilibidi tumlinde asimalize chakula jikoni.

Likizo ilipokaribia kwisha, kamba ilikuwa imezama nyamani. Mwalimu wetu, Mama Rasoa, akaja na mkasi.

"Lete mkono nikate. Utavimba, mtoto."

Nafula akauficha mkono mgongoni. "Mwalimu, ukikata, papa kule nyumbani atasema tumemdanganya. Afadhali iniume."

Mama Rasoa akarudisha mkasi. Tangu siku ile, kila asubuhi alimpaka siagi chini ya kamba.

Tuliporudi Bungoma, baba yake alikuwa akingoja. Hata hakutusalimu. Alishika mkono wa mwanawe, akaivuta kamba kuelekea kiwikoni. Haikusogea. Akajaribu kupenyeza kidole, kikakataa kupita. Sisi juu ya lori tuliinamia ukingo tukitazama.

"Mwalimu, huyu mmemlisha nini?"

"Ugali na maharagwe, mzee."

"Ati ugali? Hata kwangu ugali upo!" Akatoa kisu, akaikata kamba taratibu, akaitia mfukoni. "Haya. Mwakani mchukue na mdogo wake. Yule ni mwembamba zaidi."

Lori zima lilipiga vigelegele.

Siku hizi wajukuu wangu huenda kambi na masanduku ya biskuti, na kabla gari halijatoka mjini wameshapiga simu nyumbani kulalamika. Msichana akirudi amekonda, wenzake humpongeza! Siwalaumu, simu ni kitu kizuri. Mzazi huuliza, "Umekula?" na mtoto hujibu, "Ndiyo," na mazungumzo yamekwisha.

Nafula alifundisha shule mpaka akastaafu. Tukikutana kanisani hupandisha mkono wa gauni, nami naiona alama, nyembamba kama bangili. Baba yake alipofariki, waliikuta ile kamba katika mfuko wa koti lake la Jumapili. Bado ilikuwa na mafuta ya siagi.